Sumu za Nyumbani Tuzipeleke Wapi? Somo la Matongo



Katika mkutano wetu uliopita palizuka swali ambalo halikupata jibu, maana saa zilikuwa zimekwenda na bei ya karafuu ndiyo iliyotawala mazungumzo. Mwanachama mmoja alitaka kujua: dawa ya mchwa iliyobaki chupani, ambayo karatasi yake imebanduka na mwaka wake umepita, aitupe wapi? Watu walicheka, na mmoja akajibu kwamba bahari haijai. Kwa maoni yangu swali lile lilikuwa la maana kuliko mengi tuliyojadili siku ile, na hilo jibu la bahari ndilo lililonifanya nikamate kalamu.

Kwanza tufahamu tunasema juu ya vitu gani. Mtu akisikia "sumu" hufikiri kiwanda, au pipa lenye picha ya fuvu la kichwa. Lakini hebu pita katika nyumba yako mwenyewe. Jikoni utakuta mafuta ya taa yametiwa katika chupa ya soda, dawa ya kusafishia choo, na dawa ya panya juu ya kabati. Stoo utakuta dawa ya mchwa tunayotilia miche ya mikarafuu, dawa ya magugu, kopo la rangi lililokauka nusu, na oili chafu ya pikipiki. Chumbani pengine pana kipima homa cha kioo chenye zebaki, na pengine (wenye nyumba msinikasirikie) sabuni au krimu ya kujichubua ambayo baadhi yake hutiwa zebaki hiyo hiyo. Darini imo taa ya mrija, na chini ya meza ipo betri ya sola iliyokufa tangu mwaka juzi. Vyote hivi vilinunuliwa kwa fedha halali na kwa haja ya kweli. Taabu yake huanza siku ambayo havitakiwi tena.

Sasa nawaomba twende safari ya mbali kidogo, mpaka Matongo. Ni kata moja katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, nchi ya Wakurya, watu wa ng'ombe na mahindi. Si nchi ya karafuu wala ya bahari. Nimeichagua kwa sababu mambo yaliyo madogo na ya siri katika nyumba zetu, kule yamekuwa makubwa na ya wazi, na mtu hujifunza upesi kwa jambo linaloonekana.

Mali ya Matongo na ya jirani zake wa Nyamongo ni dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002, lakini wachimbaji wadogo wapo pia. Na mchimbaji mdogo wa Tarime, sawa na mwenzake wa Geita au wa Chunya, msaidizi wake mkubwa ni zebaki. Kazi yenyewe ni hivi. Mawe husagwa mpaka yawe unga, kisha hutiwa maji na zebaki. Zebaki hukamata chembe za dhahabu na kushikana nazo, hata likapatikana donge laini la rangi ya fedha. Donge hukamuliwa katika kitambaa ili zebaki ya ziada itoke, kisha huwekwa motoni. Zebaki iliyobaki hugeuka mvuke ikaenda zake, na dhahabu ikabaki.

"Ikaenda zake." Hapo ndipo pana somo letu lote. Imekwenda wapi? Mvuke ule haukupotea duniani. Sehemu imeingia katika kifua cha aliyeshika kikaango, na kama kazi imefanywa uani au jikoni, jambo ambalo hutokea sana katika uchimbaji wa namna hii, basi imeingia pia katika kifua cha mkewe na cha mtoto aliyelala mgongoni. Sehemu nyingine imetua juu ya paa, na mvua ikinyesha huteremka mpaka kisimani. Iliyomwagika pamoja na tope hufuata mfereji mpaka mtoni. Huko mtoni na ziwani wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huigeuza ikawa sumu kali zaidi, wakailapo samaki wadogo, samaki wadogo wakaliwa na wakubwa, na kila hatua sumu huzidi kukusanyika. Mwisho wake ni sahani ya mtu. Anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa kuwa sumu hii hushambulia ubongo.

Wajapani waliyaona haya kabla yetu. Kiwanda cha kampuni ya Chisso katika mji wa Minamata kilitupa maji yenye zebaki katika ghuba kuanzia mwaka 1932 mpaka 1968. Watu wa pale ni wavuvi kama wetu, na nina hakika walikuwapo waliosema kwamba bahari haijai. Mwezi wa Mei 1956 ugonjwa wao ulitangazwa rasmi: watu wanatetemeka, hawasikii, hawawezi kushika kijiti cha kulia, na watoto wanazaliwa na viungo vilivyopotoka. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2013, na Tanzania imeuridhia.

Turudi Matongo. Pale pana mto mdogo uitwao Tigithe, ambao humwaga maji yake katika mto Mara, na Mara huingia Ziwa Victoria. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka katika bwawa la mgodi mkubwa mpaka Tigithe. Wanavijiji walilalamika kwamba ng'ombe wamekufa na watu wamepata madhara ya ngozi. Wenye mgodi kwa upande wao walisema kwamba plastiki nene iliyotandikwa chini ya bwawa ili kuzuia maji yasipenye ilikuwa imeibwa. Ubishi ulikuwa mrefu na mimi si hakimu wake. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka katika bwawa lake la tope sumu, na Julai mwaka huo huo likaamuru bwawa lisitumike mpaka litengenezwe.

Nataka msimame kidogo kwenye habari ya ile plastiki. Mtu hachukui plastiki ya bwawa kwa kupenda sumu. Huichukua kwa sababu ni nzuri: ni pana, ni nene, haipitishi mvua, inafaa kuezekea banda au kuanikia nafaka. Kama kweli iliibwa, basi chombo kilichozuia sumu kilirudi nyumbani kama chombo cha kazi. Na hapo, ndugu zangu, hatuna haki ya kuwanyoshea kidole watu wa bara. Ni nani kati yetu ambaye hajaona dumu la dawa ya magugu likiwa kisimani lina maji ya kunywa? Dumu ni zuri, lina mkono na kifuniko kinachobana, nalo limeoshwa mara tatu kwa sabuni. Lakini plastiki hunywa dawa ndani ya mwili wake, na sabuni haiwezi kuitoa. Huyatema yale yaliyomo kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa mtu ambaye hatajua kwa nini kichwa kinamuuma.

Pengine msomaji atasema: basi dawa ni rahisi, tukusanye sumu zote mahali pamoja, tufunge mlango, mambo yamekwisha. La, hayajakwisha. Yuko jirani aliyefanya hivyo. Katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, kuna mahali paitwapo Vikuge, palipokuwa na shamba la serikali. Mwaka 1986 yaliletwa pale madawa ya kuulia wadudu yaliyotolewa msaada kutoka Ugiriki, ndani yake DDT. Mengi hayakuwa na kazi. Yakawekwa bandani, banda likachakaa, mvua ikapata njia, na madawa yakaingia ardhini. Baadaye lundo liliondolewa, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta udongo wa pale bado una sumu nyingi mno. Ona tofauti ya makosa haya mawili. Kule kwenye moto wa dhahabu sumu hutawanywa bila mtu kujua inakokwenda. Vikuge ilikusanywa, ila hapakuwekwa siku ya kuiondoa. Ghala la sumu lisilo na siku ya kuondoshewa ni sawa na jaa, tena ni baya kuliko jaa, kwa kuwa sumu ya mji mzima imo ndani.

Na yapo makosa ya namna ya tatu, ya karibu na sisi zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri za magari zilizochakaa ili kupata risasi, kuanzia mwaka 2007 mpaka kilipofungwa mwaka 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri zile zilikuwa zimekusanywa vizuri tu. Zilipelekwa mahali pasipofaa. Basi ukimuuzia betri yako ya sola mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mlangoni, muulize anaipeleka wapi. Na ukimwona anaipasua na kumwaga maji yake chini ya mwembe ili apunguze uzito, mwizi wa kuku angekudhuru kidogo kuliko huyo.

Sasa visiwa vyetu. Mjuavyo, Pemba ni vilima na mabonde. Mikarafuu iko juu, mpunga uko chini bondeni, na baada ya bonde ni mikoko, kisha bahari. Kitu kinachomwagwa shambani juu hakina njia nyingine ila hiyo. Unguja nako sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu kama sifongo, na maji ya visima hayako mbali chini yake. Shimo la kuzikia sumu katika jiwe hilo ni faneli ya kisima cha jirani. Bara mtu akichafua mto huweza kuhamia mto mwingine, ingawa si vyema. Sisi tutahamia wapi?

Tena kuna karafuu zenyewe. Karafuu ina mafuta na hunasa harufu upesi. Jamvi lililomwagikiwa mafuta ya taa, sakafu iliyochanganyiwa dawa, gunia lililolala stoo pamoja na chupa inayovuja, yote hayo huingia katika karafuu, na wanunuzi wa ng'ambo siku hizi hupima mabaki ya dawa. Gunia moja lililochafuka huwatia doa wakulima ambao hawakushika dawa mwaka mzima.

Nitoe basi maelezo ya kazi, kwa mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya leo bila kungoja chama wala serikali.

Dawa yoyote ikae katika chombo chake cha asili, na karatasi yake ikianza kubanduka ifunge kwa utepe wa plastiki ili jina lisipotee. Dawa isiyo na jina humtia taabu hata mkemia. Mafuta ya taa yasitiwe kabisa katika chupa ya soda au ya maji. Hii ndiyo sumu inayonyweka na watoto wadogo zaidi katika nyumba zetu, na wala haihitaji maelezo ya kitaalamu. Mtoto akinywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta ya nazi kama wanavyofanya bibi zetu, kwa maana akitapika mafuta huweza kuingia mapafuni. Mchukueni hospitali pamoja na ile chupa.

Dawa ya shamba nunua kiasi cha kazi uliyo nayo. Najua chupa kubwa ni rahisi kwa hesabu ya lita, lakini nusu itakayobaki miaka mitatu haikuwa rahisi. Chupa ikiisha, tia maji robo yake, funga, tikisa kwa nusu dakika, kisha maji hayo yatie katika bomba la kupulizia pamoja na dawa, uyapulizie palepale ulipokuwa ukipulizia. Fanya hivyo mara tatu. Kisha itoboe kwa msumari ili mtu asiitamani. Usiichome moto, kwa sababu moshi wa plastiki na dawa ni sumu nyingine mpya. Usizike karibu na kisima wala bondeni.

Dawa za choo zisichanganywe. Dawa ya kung'arishia nguo ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa hewa inayokaba pumzi, na waliofunga mlango wa choo ili wasafishe vizuri ndio wanaoanguka.

Kipima homa kikivunjika, watoto watoke na madirisha yafunguliwe. Usifagie, maana ufagio huvunja zebaki ikawa vidonge vidogo visivyoonekana. Visukume kwa karatasi ngumu mpaka vikusanyike, vilivyobaki vinase kwa utepe wenye gundi, vyote tia katika chupa yenye maji kidogo yanayofunika zebaki, ufunge barabara na kuandika jina. Mtoto asipewe aichezee kiganjani, ingawa sote tulipenda mchezo huo. Taa ya mrija nayo ina zebaki, chache sana, basi isivunjwe kwa makusudi; irudishwe katika boksi la taa mpya iliyochukua nafasi yake. Taa hizi mpya za LED hazina zebaki, na anayeweza kuzinunua ajue amejipunguzia kazi.

Vitu hivi vikiisha kufungwa na kuandikwa, vitakwenda wapi? Nchi nyingi za Ulaya na miji ya Marekani ina vituo au siku maalumu ambazo wenye nyumba hupeleka sumu zao, zikapokewa na watu waliofundishwa. Sisi chama chetu tuna vitu viwili ambavyo kituo kama hicho kinahitaji: tunajuana kwa majina, na tuna desturi ya kupeleka mzigo mahali pamoja na kuandikiwa daftarini. Hivyo katibu wenu anapendekeza kwa Kamati mambo yafuatayo, na kila mmoja ayapinge au ayaunge mkono kwa hoja.

Kwanza, tusianze kwa kujenga. Tuanze kwa kuiandikia Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ambayo kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2015 ndiyo yenye dhamana, pamoja na Mkemia Mkuu na Idara ya Kilimo, tuwaulize watachukua nini, kwa siku gani, na nani atalipa usafiri. Bila jibu la maandishi lenye tarehe, banda lisifunguliwe. Nakumbusheni Vikuge.

Banda lenyewe liwe mbali na sehemu ya kupimia na kuhifadhia karafuu, mbali na skuli na visima, juu ya ardhi isiyotuama maji. Sakafu iwe ya saruji yenye ukingo, ili chupa ikivuja dawa isitoke nje. Funguo ziwe mbili kwa watu wawili, wala asiwe mmoja peke yake, hata kama ni katibu. Dawa na betri zisikae rafu moja. Vinavyowaka moto vikae peke yake. Daftari liandike jina la kitu, kiasi, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na ukurasa wa kutoka ukiwa mtupu kwa miezi sita, Kamati ifunge mlango isipokee tena mpaka mzigo uondoke.

Anayeleta asimwage vitu viwili katika chombo kimoja ili apate nafasi, wala asipande daladala akiwa na dumu mapajani. Alete ndani ya boksi, chupa zikiwa zimesimama, nyuma ya gari au juu ya gari la ng'ombe. Na mwenye kuleta asiulizwe aliipata wapi wala kwa nini ameiweka miaka kumi. Tukianza kumhoji mtu wa kwanza, wa pili ataitupa bondeni usiku.

Mtu mmoja wa Kamati amekwisha kuniambia kwamba gharama ya banda itatoka katika fedha za miche, na miche ni mali. Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuidharau. Mimi nadhani tuanze na kabati moja la chuma katika shehia moja, kwa msimu mmoja, tuone mzigo unaokuja ni kiasi gani, ndipo tuseme juu ya fedha.

Kwa hiyo kila mwanachama kabla ya mwisho wa mwezi huu aandike katika karatasi vitu vya namna hii vilivyomo nyumbani na shambani kwake, jina na kiasi kwa kukisia, ampe mjumbe wa shehia yake. Asiyejua jina la dawa aeleze rangi yake, harufu isipimwe kwa pua. Karatasi tu ndiyo inayotakiwa kwa sasa. Chupa na madumu yabaki yalipo, yamefungwa, juu ya mkono wa mtoto, mpaka mtakapoletewa habari ya siku ya kupokea. Msilete chochote ofisini, maana ofisi yetu ndimo pia zinamokaa sampuli za karafuu.